Pambo Langu na Wageni wa Kendi

Jumamosi, Julai. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi na mlima hauonekani kabisa. Nimevaa sweta mbili. Sina hasira, sina furaha. Naandika tu ilivyokuwa.

Leo watu wameona pambo langu.

Kwa anayefika hapa mara ya kwanza: mwezi wa tatu nilikuwa kwa baba yangu kule Ruiri, namsaidia kukata majani ya ng'ombe. Mashine ilichukua vidole viwili vya mkono wangu wa kulia, cha shahada na cha kati. Mimi ni fundi wa umeme. Au nilikuwa. Bado sijaamua niandike lipi.

Dada anayenifanyisha mazoezi hospitalini ndiye aliyeniambia nifunge mafundo. Alisema kamba yoyote itafaa, bora vidole vilivyobaki visilale. Nikaenda sokoni Gakoromone nikanunua kamba ya katani, ile ya kufungia mbuzi. Kwa Mama Halima, anayeuza vitu vya ushonaji, nikachukua mabaki ya nyuzi za sweta: njano, maruni, kijani, bluu ya sare za shule, na pinki kali ambayo nadhani alifurahi kuiondoa dukani.

Nilining'iniza kamba kwenye kijiti cha mti wa kahawa nikaanza. Wiki ya kwanza sikufunga kitu cha maana. Kamba inachuna ngozi, na mahali vidole vilipokuwa panauma kama bado vipo. Baadaye nikapata njia yangu. Nabana kamba mbili za katikati kati ya kidole gumba na cha pete, kisha za pembeni nazipisha juu yake kwa mkono wa kushoto. Fundo linatoka limeinama kidogo upande mmoja. Yote yameinama hivyo hivyo, kwa hiyo ukitazama kutoka mbali unadhani ni makusudi. Nyuzi nilizungushia juu ya kamba, rangi baada ya rangi, na chini nikaacha mashada marefu.

Pambo lilipoisha nilitaka kuliweka nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Kendi, mke wangu, alilichukua bila kuniuliza akalitundika sebuleni, juu ya kochi.

Sasa sehemu ambayo sikutaka kuandika.

Tulihamia nyumba hii ya Makutano baada ya ajali. Hapa hakuna anayenijua. Mama mmoja kanisani alipomuuliza Kendi mumewe yuko wapi, Kendi alijibu kwamba nafanya kazi Isiolo. Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo. Niliona ni heri niwe mtu aliye mbali kuliko mtu anayeangaliwa mkono. Binti yetu Mwende naye tulimfundisha. Ana miaka tisa, na anasema uongo huo vizuri kuliko sisi.

Leo ilikuwa zamu ya Kendi kupokea akina mama wa kikundi cha maombi. Saa nane niliingia chumbani na kufunga mlango. Mwende alikuwa ametumwa kwa jirani.

Nilisikia viti vikivutwa, nikasikia sala, halafu vikombe. Kisha sauti ya Mama Gitonga, mwenyekiti wao, mama mzito wa sauti.

"Hiki kitu cha ukutani ni kizuri sana. Umenunua wapi?"

"Nilitengeneza mwenyewe," Kendi akasema.

Sikuumia. Nilifikiri, sawa, hilo nalo liwe la Isiolo.

Lakini Mama Gitonga si mtu wa kuachia hapo. Alitaka afundishwe, leo leo, naye atafundisha wengine. Nikasikia Kendi akifungua droo ambamo naweka kamba zilizobaki. Dakika moja baadaye alikuwa chumbani, kamba nne mkononi.

"Nionyeshe haraka," akanong'ona.

Nikamwonyesha mara mbili. Akatoka.

"Mbona hili si kama lile la ukutani?" Mama Gitonga akauliza. Wengine wakacheka, si kwa ubaya.

"Ngojeni, nimesahau kidogo."

Alirudi. Safari hii hakunyoosha zile kamba. Alikaa kitandani kando yangu akaziweka magotini.

"Baba Mwende, siwezi. Nimechoka."

"Na mafundo?"

"Na Isiolo."

Alisema hivyo bila kulia na bila kupandisha sauti, kama mtu anayesema unga umekwisha. Nilitazama mlango. Sikumbuki niliwaza nini. Nakumbuka miguu yangu ilikuwa baridi, na kwamba nilitafuta viatu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilitoka mbele, yeye nyuma yangu.

Akina mama saba waligeuka. Kendi akasema, "Huyu ni mume wangu, Baba Mwende. Hakuwa Isiolo. Alikuwa hapa. Pambo ni lake."

Mama Gitonga aliinuka akanyoosha mkono wa kunisalimu. Wa kulia. Miezi minne nimekuwa nikisalimu watu kwa kuinamisha kichwa. Nikampa. Aliushika, akauhisi, akautazama bila kujificha.

"Ni mashine ya majani?"

"Ndiyo, mama."

"Pole sana. Ndugu yangu pia, lakini yeye ulikwenda mkono mzima." Akaniachia. "Haya, kaa hapa karibu na dirisha. Tuonyeshe."

Nikakaa. Nikafunga fundo moja polepole. Walijaribu, wakashindwa. Vidole vyao vingi vilikuwa vinazuia kamba. Ndipo Mama Gitonga akakunja vidole viwili ndani ya kiganja, cha shahada na cha kati, akajaribu hivyo. Fundo likatoka limeinama sawasawa na langu.

"Ni hivi," akawaambia. "Kunjeni hivi."

Wote wakakunja. Mikono saba yenye vidole vitatu.

Niliangalia kamba. Nilisema macho yananiwasha kwa sababu ya vumbi la katani, na katani ina vumbi kweli.

Mwende aliingia katikati ya hayo. Alisimama mlangoni, akaniona nimeketi na wageni, akatabasamu kwa adabu.

"Baba, umerudi lini kutoka Isiolo?"

Hakuna aliyecheka. Kendi aligeuka kumimina chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Wameondoka saa kumi na moja, kila mmoja na kipande cha kamba. Mama Gitonga amesema Jumamosi ijayo watarudi, nami nisijifanye nina safari.

Nimemwita Mwende nikamwambia hatutasema tena habari za Isiolo. Nilimwomba msamaha. Alinisikiliza huku akichezea shada la pinki.

"Na wakiniuliza shuleni uko wapi, niseme nini?"

"Sema ukweli."

Akafikiri kidogo. "Ukweli ni upi?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama, nikaona anauliza kweli.

"Kwamba Baba yuko nyumbani," nikamwambia.

Akalirudia jibu hilo mara mbili kwa sauti ndogo, ili asisahau.