Mabaki ya Upande wa Pili

4 Februari

Shemeji yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta na afya, na wajukuu wote wanacheka. Mimi nipo. Magoti yananisumbua nikipanda ngazi, lakini vidole bado vinashika nyuzi. Nimekupigia simu, hupokei. Mwanao mkubwa ndiye aliyeniambia, "Baba mdogo, mama anasema ukitaka kuongea naye uandike." Basi naandika, mimi ambaye hata kadi ya harusi sijawahi kujaza mwenyewe.

Habari ni njema. Ile albamu yetu ya roki, *Radi*, kuna kampuni inataka kuiingiza kwenye maduka ya mtandaoni, yale ambayo mtu anabonyeza simu na wimbo unashuka. Bendi kubwa za roki za rika letu zilikataa miaka mingi, zikasema muziki wetu si karanga za kupimia watu kwenye karatasi. Mimi pia nilikataa. Sasa wenzangu wameingia mmoja mmoja, nimebaki peke yangu nje, na vijana hawajui hata kama niliwahi kuzaliwa.

Shida ni sahihi. Bendi iliandikishwa kwa jina langu na la marehemu kaka. Kaka hayupo, kwa hiyo inatakiwa yako. Dada wa kampuni atakuja hapo nyumbani na karatasi. Weka sahihi tu, usisumbuke kusoma. Kabla sijafa nataka nisikie gitaa langu likitoka kwenye simu ya mtu nisiyemjua.

Shemeji yako,
Radi


15 Februari

Wewe,

Umeuliza afya. Mgongo unauma, macho yanaona, mdomo unafanya kazi kama zamani. Wajukuu hawacheki, wako shule. Sasa tuingie kwenye jambo.

Simu zako sipokei kwa sababu maneno ya simu unayakana. Tuone ya karatasi utayakana vipi. Na usiniite shemeji. Shemeji ni mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hamkani ndugu yake aliye kitandani.

Unajua ninachosema. Baba Watoto amelala, redio iko dirishani, mimi niko jikoni naosha vyombo. Nikakusikia mpaka huko, na maji yanamwagika. Mtangazaji anakuuliza, "Na kaka yako je?" Wewe ukacheka. "Kaka? Kaka alikuwa mbeba vyombo tu. Dramu zote mnazosikia nilipiga mimi!" Mume wangu akaniita. "Mama Watoto, hebu ongeza sauti, naona nimesikia vibaya." Nikaongeza. Ukalisema tena lile lile, kwa raha zako. Mume wangu alikuwa na mazoea ya kugongagonga vidole kwenye ukingo wa kitanda, hata na ugonjwa wake ule. Siku ile vidole vilitulia, na havikuanza tena mpaka tukamzika.

Mbeba vyombo! Mtu uliyekuwa unamwambia "Rudia!" nyuma ya kioo cha studio mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nilivifunga mimi, kwa vitambaa vilivyobaki kwenye suruali zako za bugaluu. Ukikosea wewe, "Rudia, kaka!" Ukipiga chafya wewe, "Rudia, kaka!"

Sasa mpiga besi amekufa, fundi wa studio amekufa, ndiyo maana una ujasiri. Nimebaki mimi, fundi cherehani wa darasa la tatu, nani ataniamini? Lakini sahihi yangu mnaitaka. Huyo dada alikuja. Ni mpole. Nilimwambia siandiki jina langu kwenye kitu nisichokijua, anisomee chote. Akasoma, akasoma, akafika palipoandikwa: "Sauti, gitaa na dramu, nyimbo zote: Radi." Nikamrudishia kalamu yake.

Kaa huko huko nje usijulikane.

Mke wa kaka yako


2 Machi

Shemeji,

Nashukuru kusikia macho yanaona. Mdomo sikuwa na wasiwasi nao. Mimi magoti ni yale yale.

Yale ya redioni yalikuwa maneno ya redioni tu. Mtangazaji anataka moto, unampa moto. Na nikwambie ukweli, dramu nilizipiga upya mwenyewe, zote, kaka akishaondoka kuja kwako. Hukuwepo, utajuaje?

Lakini nimekutafutia heshima yako. Nimemwambia dada wa kampuni tuufute ule wimbo wa mwisho, ule wako, "Mabaki". Najua unakuaibisha. Na mimi sina hata jasho langu mle ndani. Utakumbuka siku ile ulileta suruali za kupigia picha, yangu ikanibana, nikatoka nje kwa hasira. Fundi akaona kanda imebaki kidogo, ndipo ukaimba wimbo wako wa kwenye cherehani. Niliporudi wimbo ulikuwa umeshaingia kwenye kanda. Mimi ndiye niliyeupa jina Mabaki, nikausukuma mwisho kabisa wa upande wa pili, pale ambapo hata sindano ya gramafoni inafika imechoka. Tukiutoa, albamu itakuwa safi, yangu tupu.

Weka sahihi, shemeji. Nakusihi.

Shemeji yako,
Radi


10 Machi

Wewe,

Mgongo leo una nafuu, sijui ni hasira.

Suruali haikukubana. Ulinenepa. Vipimo vyako ninavyo kichwani mpaka leo na nikitaka nitavitaja mbele za watu.

Nimemwita tena dada wa kampuni. Nimemuuliza, huko dukani kwenu mtu akitaka wimbo mmoja anabebeshwa santuri nzima? Akasema, "Hapana bibi, ni mmoja mmoja. Mtu anachukua anaoutaka, mwingine anauacha." Nikamuuliza, na inajulikana upi unachukuliwa sana? Akasema, "Inajulikana. Unapanda juu kabisa, kila mtu anauona." Nikamwambia, "Mwanangu, kunywa chai nyingine."

Kwa hiyo nitaweka sahihi. Lakini sikiliza masharti yangu.

Mabaki yabaki. Na jina liwe hilo hilo ulilotoa wewe, usilipake poda. Hayo maneno yako ya dramu yaache kama yalivyo, sitaki hata nukta ipungue. Halafu uniandikie kwa mkono wako kwamba kwenye wimbo ule hukupiga chochote, na ndani hukuwepo. Sitaki siku mbili tatu zipite nikusikie unajigamba ulinisaidia.

Mke wa kaka yako


17 Machi

Shemeji yangu mwenye hekima,

Furaha niliyo nayo imeponya hata magoti! Nilijua tu utaelewa. Umetaka kwa mkono wangu, haya, kwa mkono wangu:

Mimi, Radi, nasema kwamba siku wimbo uitwao Mabaki unaingizwa kwenye kanda, nilikuwa nje uani nimeegemea ukuta, navuta sigara. Sikugusa gitaa, sikugusa dramu, sikuitikia hata neno, na wala sijuti.

Inatosha? Kama haitoshi niambie, niongeze.

Shemeji yako,
Radi


28 Agosti

Shemeji,

Salamu zitakuja baadaye. Umenifanya nini?

Albamu iliingia dukani. Nilikaa na simu mkononi kama mtu aliye nje ya wodi ya wazazi. Nikafungua. Juu kabisa, Mabaki. Nikasema wamepanga vibaya hawa. Nikashuka na kidole, nikashuka, nikashuka, na wimbo wangu mwenyewe, ule uliobeba jina langu, nikaukuta chini kabisa, mahali nilipokuweka wewe. Kinyozi wangu anao huo wimbo wako. Ananinyoa huku anapiga kelele, "Baba Watoto, piga!" na kugonga kitana kwenye mgongo wa kiti. Hajui hata kichwa anachonyoa ni cha nani.

Hilo ningelimeza. Lakini mtangazaji yule yule amenipigia simu, na anayo barua yangu! Anasema, "Mzee, dukani imeandikwa dramu za nyimbo zote ni zako. Hapa umeandika ulikuwa uani unavuta sigara. Sasa kwenye Mabaki, mama anapoita Baba Watoto, piga, dramu zinaitika. Nani anapiga?" Nikakata simu. Akapiga tena. Kampuni nao wakapiga. Umeninyoa kavukavu kuliko huyo kinyozi.

Basi angalau jina tulibadilishe. Watu wanacheka mitaani kwamba Radi kashindwa na mabaki. Uite lolote. Uite Malkia, sitakataa. Unataka nini kwangu, shemeji?

Radi


5 Septemba

Wewe,

Mimi ni mzima. Sijawahi kuwa mzima kiasi hiki tangu nimzae kitindamimba.

Barua yako nilimpelekea mtangazaji mwenyewe. Nilivaa gauni langu la kutokea, nikapanda mpaka juu kituoni kwao, nikamkuta mfupi kuliko sauti yake. Nikamwambia, soma hii, kisha soma la dukani, kisha sikiliza wimbo. Alisikiliza kichwa kimeinama. Alipokiinua alikuwa ameshakuelewa.

Ulidhani nimeacha maneno yako ya dramu kwa sababu nimechoka? Ningekuacha uyafute, ungefuta kimya kimya na kaka yako angebaki mbeba vyombo. Nilitaka uongo wako ukae dukani, mahali pa wazi, na karatasi yako ya sigara ikae kando yake, watu wasome zote mbili.

Na hapakuwa na siri yoyote. Miaka yote hii namwita mume wangu kwenye ile santuri, na yeye ananiitika. Ungegeuza upande wa pili mara moja tu ungetusikia. Hukugeuza. Ulidhani huko hakuna mtu. Mapigo yale, kama hujui, ni ya mguu wangu kwenye cherehani. Alijifunza nyumbani, amekaa sakafuni, mimi nashona nguo zako. Hata ungekuwa ndani siku ile, usingeyaweza.

Jina halibadiliki. Uliniita mabaki, sasa kaa chini ya mabaki.

Unauliza nataka nini. Nenda redioni. Kipindi kile kile, mtangazaji yule yule. Useme nani alipiga dramu, na si kwenye wimbo wangu tu, zote. Usipokwenda wewe nitakwenda mimi, na mimi nitaanza na habari ya suruali.

Mke wa kaka yako


26 Septemba

Shemeji,

Natumaini mgongo haujambo. Mimi sikulala vizuri, lakini nimekwenda.

Mtangazaji aliuweka wimbo wote hewani kwanza. Nilikuwa sijawahi kuusikiliza mpaka mwisho, hilo nakiri. Ulipoita, "Baba Watoto, piga!" niligeuka nyuma, kama mjinga, nadhani nilitegemea kumwona. Kisha akaniuliza, na nikasema. Alikuwa kaka. Zote alikuwa kaka. Kampuni wamesharekebisha, fungua dukani utaona jina lake pale kwenye dramu.

Sasa mimi na wewe tumemaliza? Niambie tumemaliza. Nimezeeka, na sina mtu mwingine aliyebaki wa kunigombeza.

Mdogo wa mpiga dramu


3 Oktoba

Wewe,

Wajukuu hawajambo, na safari hii wanacheka kweli. Niliwakalisha wote mbele ya redio nikawakataza hata kutafuna. Babu yao akitajwa, niliwaambia, mtu asipumue.

Jina nimeliona dukani. Mjukuu mkubwa alinionyesha, nikalisoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Limeandikwa vizuri.

Na wewe nilikusikia. Redio niliiweka dirishani pale pale. Ulipoanza kusema nikaongeza sauti. Nikaongeza tena. Kitufe kikafika mwisho, na bado nilikuwa nimeinama, sikio limegusa redio kama nasikiliza kifua cha mgonjwa. "Alikuwa kaka." Basi! Kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani anayemdai.

Siku ulipomkana, sauti yako ilinifuata mpaka jikoni, na maji yanamwagika.

Nimezungumza na mtangazaji. Ana nafasi yako Alhamisi. Mimi sitakaa karibu na redio. Nitakuwa jikoni na vyombo vyangu, na bomba nitalifungua lote.

Rudia.

Shemeji yako