Mama mdogo ananituma nimtafute mtu ambaye ni mimi

Mpendwa Mama Geneviève wa redio, naomba msaada wako na naomba upesi, maana Jumapili inakuja na mimi nimejifungia chumbani hapa mtaani Rwambuzi, na nisipoyatoa haya kwako sijui nitayatoa kwa nani.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tisa, ninafanya kazi katika ofisi ya shirika moja la misaada, na aliyenilea ni mama mdogo wangu Kahindo, aliyetoka Butembo na kuja kuuza samaki hapa Bunia tangu sijajua kusema, na kila kilichomo kichwani mwangu, kuanzia a e i o u mpaka diplome, kilitoka katika beseni lake, na ninalisema hili mwanzoni ili usije ukafikiri sikujua wauza samaki wanaishi vipi, nilijua, nilijua kuliko wote, na ndiyo maana aibu yangu haina pa kujificha.

Mwaka jana nilifungua kundi la WhatsApp la kujadili mambo ya mkoa wetu. Kule ninaitwa Mama Ukweli, picha yangu ni ya simba jike, na hakuna anayejua ni mimi, kwa sababu wakubwa wangu kazini hawataki tuguse siasa. Mazungumzo yalianza vizuri, tulikuwa tunauliza mambo ya haki, kwa nini tuko chini ya état de siège, wanajeshi ndio wanaoongoza mkoa, na bado watu wanachinjwa mashambani mwao, kwa nini dhahabu inatoka kila siku katika udongo wetu na barabara ya Komanda inabaki vile ilivyo, kwa nini mtoto wa mkubwa anasoma Ulaya na mtoto aliyekimbia mauaji ya Djugu analala chini ya turubai, na watu waliongezeka, na kila nilipoandika walijibu "Présidente amesema," na Mama Geneviève, nisikufiche, nilipenda, nilipenda sana, ikafika mahali naamka naangalia simu kabla ya kumwomba Mungu.

Mwezi uliopita watu waliuawa tena, na vijana wakaita ville morte ya siku tatu, soko lifungwe, maduka yafungwe, pikipiki zisitembee, ili serikali isikie kwamba tumechoka. Niliunga mkono kwa nguvu zangu zote. Katika kundi alikuwamo mama mmoja, Nadège, simjui sura, akaandika: "Na siye wenye kukula ya leo leo, ile siku tatu tutakula nini? Mwenye mushahara anaweza funga mulango na kulala. Miye nikifunga, watoto wanalala njaa." Nikamjibu mbele ya watu wote, "Tumbo, tumbo, tumbo, watu wanakufa na wewe unafikiri tumbo," na watu wakacheka, wakaweka vile vidole gumba, na Nadège akatoka katika kundi. Na mimi siku zile tatu ofisi ilituambia tufanyie kazi nyumbani, mshahara unatembea, intaneti inatembea, nilikuwa naandika mambo ya mapambano chai ikiwa pembeni yangu.

Siku ya pili asubuhi mtu mmoja akaleta picha, mwanamke ameinama mbele ya mlango ulioachwa wazi nusu, amevaa koti la mvua la bluu, kichwa amefunika, uso hauonekani, na chini yake kuna beseni la samaki. Sikuuliza ni nani, sikuuliza ni wapi. Nilichukua picha ile nikaandika juu yake, "Huyu hapa anauza wakati tunazika. Tumbo lake ni kubwa kuliko maiti zetu. Wa mtaa huo mnangoja nini?" nikaituma katika kundi, na wenzangu wa kundi wakaituma katika makundi mengine, nikasikia raha, Mungu anisamehe, nilisikia raha kabisa.

Mchana nikapigiwa simu kwamba mama mdogo ameanguka, yuko kwenye kituo cha afya. Nikakimbia kwa miguu maana pikipiki hazikuwapo, na nilipoingia nikaona kwenye benchi koti la mvua la bluu, limechanika mkono, lina matope na magamba ya samaki. Sikuwa nimewahi kuliona kwake, alikuwa amelinunua juzi yake. Samaki wabichi walikuwa wametoka ziwani Tchomia alfajiri na samaki mbichi hajui ville morte, kwa hiyo aliomba mlango kwa rafiki yake, mbali na soko, auze kidogo kidogo kabla hawajaharibika. Vijana wakaja wakiwa na ile picha niliyoituma katika simu zao, wakawakanyaga samaki matopeni, na yeye alipoinama kuwaokota wakamsukuma, mkono wake wa kulia ukavunjika.

Rafiki yake alimsomea yale maneno pale pale kitandani, na mama mdogo akayasikiliza yote, halafu akanitazama mimi akasema: "Mutoto yangu, weye iko na masomo, weye iko unajua mambo ya téléphone. Unitafutie huyu mutu. Sitaki wamufunge, sitaki wamupige. Nataka tu akuje anikalie hapa mbele, aniambie tumbo yangu iko kubwa kupita ya nani." Nikajibu, "Ndiyo, mama, nitamutafuta." Hivyo ndivyo nilivyojibu, na tangu siku ile kila nikimpelekea uji ananiuliza kama nimeshapata alama yoyote, nami namwambia bado.

Nilifuta picha, nilifuta maneno, lakini wenzangu wameshayahifadhi, hayafutiki tena. Na kuna jambo jingine, katika ua wa mama mdogo, parcelle yetu ya familia, wanakaa kijana mmoja Blanchard na mama yake, watu wa Djugu, wamepanga chumba cha nyuma, na Blanchard asubuhi ile alionekana karibu na mlango ule akiwa na simu mkononi, na ingawa yeye ndiye aliyembeba mama mdogo mgongoni mpaka kituo cha afya, baba yetu mdogo Anaclet, anayekaa na mke wake katika ua huo huo, ameamua kwamba ndiye aliyepiga picha na kuandika. Amewaambia: "Tuliwapokea mu parcelle, sasa munatuuza. Siku ya Mungu nikitoka ku misa, nisiwakute hapa." Blanchard ameapa, hakuna anayemsikiliza, na mimi nilikuwapo, nilikuwa nimeshika sahani, nikanyamaza.

Mama Geneviève, nikisema ninaweza kupoteza kazi, ninaweza kupelekwa mahakama ya kijeshi kwa kuchochea, na zaidi ya yote nitapoteza yale macho ambayo mama mdogo ananiangalia nayo. Na kundi nalo linangoja, wanataka niandike wito wa ville morte nyingine Jumatatu. Nimefikiri sana, nikaona njia moja. Mama mdogo hakosi kipindi chako cha Jumamosi, na Anaclet husikiliza naye. Nakuomba uisome barua hii hewani, zile sehemu za kuonyesha kwamba mimi ni mtoto wake uziruke, useme tu kwamba aliyeandika si Blanchard, ni mtu mwingine, na ametubu. Hivyo Blanchard atabaki, mama mdogo atapata roho tulivu, na mimi nitabeba aibu yangu peke yangu mpaka mwisho. Majina nimekuandikia ya kweli, wewe utayabadilisha.

Mimi mwenye aibu, Rwambuzi.

*

Jibu la Mama Geneviève, lililotumwa kwa simu ya mwandishi siku ya Alhamisi

Binti yangu, barua yako sitaisoma Jumamosi. Itaenda hewani siku nyingine, kwa majina mengine, ukiisha kufanya yale nitakayokuambia. Usipoyafanya itabaki katika droo yangu, na mimi nitabaki na hasira zangu.

Hebu jitazame kidogo. Ulijificha nyuma ya picha ya simba, mtu akavunjika mkono. Sasa unatafuta kujificha nyuma ya redio, tena unanipa na maagizo ya sehemu za kuruka! Unataka toba ifike nyumbani kwa mama yako bila wewe kufika. Mimi si koti la mvua la kufunikia vichwa vya watu wazima.

Umeniandikia mengi juu ya aibu yako, na ninaiamini, niliisoma huku moyo unaniuma kwa ajili yako. Lakini angalia pale ulipomweka Blanchard. Ulipomaliza kufuta picha zako ndipo ukaandika "kuna jambo jingine." Jambo jingine! Mama wa kijana yule amekwisha kuwakimbia watu wenye mapanga, na Jumapili hii atakimbizwa na watu wanaotoka misa, kwa kosa lako wewe uliyeshika sahani. Na wewe ni mtu wa Bunia, unajua neno "watu wa Djugu" likianza kusemwa kwa hasira katika parcelle moja linaweza kwenda kuishia wapi. Aibu yako inaweza kungoja wiki nzima. Yeye hana wiki.

Sasa usije ukadhani ninakuambia unyamaze mbele ya serikali. Maswali mliyouliza ni ya haki na ninataka majibu yake, mimi pia nimezika watu wangu. Kufunga mji ni haki ya watu waliochoka. Lakini kuna anayelipa, na je, nani alilipa zile siku tatu? Wale wakubwa unaowasema hawanunui samaki kwa mama Kahindo. Hakuna hata mmoja wao aliyelala njaa. Wewe pia hukulala njaa, ulikunywa chai. Nadège alikuuliza swali la maana kuliko yote yaliyowahi kuulizwa katika kundi lako, na ukamfanya kichekesho kwa sababu ulikuwa na watu wa kukupigia makofi. Unapigania wanyonge, halafu mnyonge wa kwanza aliyefungua kinywa ukamfukuza!

Basi nisikilize. Leo hii, ukimaliza kusoma, unaenda kwa mama yako mdogo. Usimtumie audio, usimpigie simu, usitangulize shangazi wala pasta. Usiende na kuku wala kitenge, maana hukuvunja sahani. Unamwomba mtoke nje wawili, unamwambia: "Mama, ulinituma nimutafute mutu. Ni miye." Maneno yako uyarudie yote kama ulivyoyaandika, pamoja na lile la tumbo, usiyapunguze chumvi. Akikufukuza, ondoka, na kesho rudi na uji kama kawaida yako. Akikaa kimya, kaa naye.

Ukitoka hapo, jua likiwa bado juu, unamwita baba yenu mdogo Anaclet, Blanchard na mama yake, na unasema mbele yao wote ni nani aliyeandika. Blanchard hahitaji machozi yako, anahitaji Anaclet asikie kwa masikio yake na afute neno lake mbele ya majirani waliolisikia. Anaclet akijitia kiburi, umwambie mimi ninasali kanisa moja na mke wake. Blanchard akikataa kukupa mkono, usimdai.

Kesho asubuhi mtafute mwanasheria. Hapa mjini wapo wanaosaidia watu bila kuwalipisha, nitakutumia namba. Kazi yako na mahakama ya kijeshi ni hofu ya kweli, siidharau, na jina lako la kweli usiliweke katika simu kabla hujamsikiliza yeye. Lakini kundi lako lazima lisikie, kwa mdomo ule ule wa simba, kwamba yule mwanamke wa kwenye picha hakuuza damu ya mtu, aliuza samaki, kwamba amevunjika mkono, kwamba ni wewe uliyewatuma wale vijana na kwamba ulikosa. Utapoteza vidole gumba vingi. Wito wa Jumatatu usiuandike. Nenda kwanza ukakae na akina mama wa samaki, uwaulize kama wanataka kufunga, saa ngapi, na ni nani atawalisha watoto wao siku hiyo, ninyi wenye mishahara mkiwa wa kwanza kuchangia. Wakikubali, mtafunga mji pamoja nao. Wakikataa, tafuteni njia nyingine ya kuipigia serikali kelele, vichwa mnavyo.

Na jambo moja la mwisho, maana nawajua wamama waliolea watoto wa dada zao. Ukifika pale usianze kulia. Ukilia, atasahau yote aliyotaka kukuambia, atakuvuta kifuani na kuanza kukubembeleza kwa ule mkono mmoja uliobaki mzima. Usimpe kazi hiyo.