Yai la Baba Mkwe

Shoga, nimejifungia chooni nyumbani kwa akina mchumba wangu. Usinipigie, soma tu.

Si unakijua kile kipindi cha sayansi, kilichokuwa kinafungua injini mpaka tukaona utumbo wake? Leo nusu saa nzima: je, yai litaelea kwenye maji ya chumvi? Ngoma za kutisha. Tangazo. Je, yai litaelea? Tangazo tena.

Mdomo wangu unaujua. Nikasema palepale sebuleni, mbele ya baba mkwe: aliyetunga upuuzi huu hata kuku anamshinda akili.

Mchumba ananikanyaga mguu, mimi nadhani bahati mbaya.

Mwishoni yakapita majina. Mshauri wa sayansi: baba mkwe. Baba mkwe huyuhuyu, shoga, na miwani yake.

Akazima televisheni taratibu. "Mwanangu, yai mimi niliwapa dakika mbili. Watayarishaji wakasema watazamaji ni wazito kuelewa, wakalivuta hadi nusu saa."

Nikajikaza: baba, waambie sisi si wazito.

"Utawaambia mwenyewe. Jumapili ni yai lilelile, la kuchemsha. Wanatafuta mtazamaji wa kulishika."

Jumapili washa televisheni. Ukiona yai linatetemeka, ujue nimelishika mimi.