Maksai wa Ogada na Tumbo la Nelvine

Kimulot, Konoin
14 Machi 2024

Mpendwa ndugu yangu Kiptum,

Chamgei! Doha inasemaje, joto bado halijakukaanga? Afya iko? Sisi huku tunapumua. Mimi usiulize: mkono wangu una bahati mpaka watu wananiogopa. Miaka ishirini nahasi madume kutoka Boito mpaka Merigi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa dume tena. Daktari wa mifugo mwenye diploma akikwama, anapigia nani simu? Mimi, wa darasa la saba.

Sasa Nelvine. Bibi yako yuko hai. Soma hapo mara mbili ndiyo uendelee.

Kwa simu uliambiwa vipandevipande, na mimi nilikuwepo. Jumatatu asubuhi alikuwa anapeleka majani chai kituoni, kikapu mgongoni. Maksai wa jirani yetu Ogada alikuwa amefungwa mkokoteni kando ya njia. Ng'ombe jike wa jirani mwingine, Alexander, akapita, anatafuta dume. Maksai akanusa, akavunja mti wa mkokoteni, akatoka kama lori bila breki. Nelvine alikuwa katikati, chai huku na huku, hana pa kukimbilia.

Pembe iliingia chini ya kitovu, upande wa kushoto. Akamrusha juu ya michai, akarudi, akamkanyaga paja. Nilisikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Ogada alikuja na jembe, akampiga yule mnyama kwenye paji mpaka mpini ukakatika. Mnyama akamgeukia, akamvunja mbavu mbili, naye akaning'inia kwenye pembe akipiga kelele, "Mvute mama, Kipngeno! Mimi niache, mvute mama!" Nikamvuta. Alexander alifika na panga akakata mishipa ya miguu ya nyuma, tukammalizia hapo hapo. Damu ilishuka mstari mzima wa chai.

Uliuliza kama bado mtapata mtoto. Daktari aliyempasua, mama mmoja mcheshi anaitwa Yunia, alitoa ovari ya kushoto. Ilikuwa imeraruka kabisa. Nilimwambia, "Daktari, ndugu yangu analia kwa simu kama ndama." Akanichorea kwenye boksi la glavu.

Chini ya ubongo kuna kitu kidogo kama harage. Hiyo ndiyo ofisi. Inatuma amri ndani ya damu, ovari zinatengeneza homoni, na homoni zikijaa kwenye damu zinarudi kuambia ubongo, tosha, punguza sauti. Ni kama kiwanda chetu cha chai: stoo ikijaa, vituo vinaambiwa pumzisheni wachumaji. Sasa ovari moja ikienda, majibu yanapungua, ofisi inapiga kelele zaidi, na ile iliyobaki inafanya kazi ya mbili. Hedhi itarudi, na mfuko wa uzazi ni mzima. Yunia akasema, "Huyo bwana aache kulia, akuje nyumbani." Halafu akanicheka: "Hata nyinyi wanaume ni hivyo. Ukibaki na kende moja, bado una ndevu na bado una vita."

Nikacheka. Halafu nikamkumbuka yule maksai, nikaacha kucheka.

Jambo lingine ni ile sauti uliyotuma kwa vijana: "Ogada mchomeeni." Waliitika, Kiptum. Jumanne walivunja mlango wake, Kipchoge mbele. Walimpiga rungu kwenye zile mbavu zilizovunjika, wakamburuta mkewe Molly kwa nywele mpaka barabarani. Ogada alitema jino, akasema tu, "Nilikuwa na maksai. Kipngeno anajua, ndiye alimhasi." Wakanigeukia. Nikasema mkono wangu haukosei, pengine alimbadilisha na dume lingine kule Merigi. Wamempa mpaka Jumamosi ahame, la sivyo ataungua ndani ya nyumba. Wanangoja neno lako tu, kwa sababu aliyeumia ni bibi yako.

Nimeandika kwa sababu kwa simu ningefanya mzaha. Binti yangu Cheptoo ataipiga barua hii picha akutumie leo. Ukimaliza kusoma, usile, usioge: tuma sauti nyingine ya kuwazuia.

Mama anakusalimu. Bibi yangu Chepkemboi pia, na Nelvine anasema ule vizuri. Mungu akulinde kwenye hiyo jua, akurudishe na miguu yako miwili.

Kabla sijaweka jina. Jumatatu jioni nilirudi kutoka hospitali, Alexander amekwisha kumchuna yule mnyama. Nikaupasua ule mfuko wa kende. Kende moja lilikuwa limekauka kama harage. Lingine lilikuwa zima, kubwa kama kiazi. Siku ile namhasi nilikuwa nachekesha watu, nikabana kwa koleo mshipa wa upande mmoja mara mbili, ule mwingine nikausahau. Nilijua hivyo Jumanne wakati naongea na vijana. Ogada hakubadilisha ng'ombe. Mkono wangu hauna bahati yoyote, nilidanganya.

Kaka yako anayekupenda hata ukimchukia,
Kipngeno