Shubiri Moja Kulia

4 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Vipi shingo yako, na mkaza mjomba hajambo? Natumaini barua hii imekukuta chini, maana ukiisoma juu ya jukwaa la ujenzi unaweza kuanguka tena. Huku sote wazima. Mama anakusalimu, anasema umekuwa adimu kama mvua ya kiangazi.

Nimekuja na shida. Tangu uniachie bunduki yako nimekuwa nikilenga shabaha za mita mia moja na mia tatu tu. Sasa kocha amenipandisha mia sita, na tarehe 20 Machi anachagua watu sita wa timu. Mimi nimeshaota nimo, kwa hiyo nisaidie kabla sijaamka.

Mita mia moja, risasi zote zinaingia katikati, unaweza kuzifunika kwa kikombe. Mita mia tatu, nazungusha kile kifundo cha juu cha darubini ya bunduki, kinacholia tik kila hatua, milio kumi na minne ili risasi ipande. Inapanda vizuri, ila inakwenda kulia vidole viwili. Mita mia sita nazungusha milio arobaini na sita, nayo inakwenda kulia shubiri nzima. Umbali umeongezeka mara mbili tu, Mjomba. Mbona kosa limezaa hivyo?

Kocha anasema nizungushe kifundo cha pembeni, niirudishe kushoto, yaishe. Lakini hapo nitakuwa nimeficha kosa bila kulijua, na mimi nisipojua kwa nini, hata chakula hakishuki.

Mpwa wako,
Kidole

13 Februari

Kwako mpwa wangu Kidole,

Marahaba. Shingo ilipona zamani, na mkaza mjomba wako yu mzima, sauti yake inasikika mpaka kwa jirani. Mimi nasimamia mafundi tisa wanaojenga ghala. Kila asubuhi nawauliza timazi, ile kamba yenye uzito, iko wapi, wananijibu, "Tunaona kwa macho, mzee." Ukuta haujengwi kwa macho! Nawabomolea, wanarudia. Nikigeuka wananiita Bwana Timazi, wanadhani sisikii.

Hujabadilika. Jina la Kidole nilikupa siku ulipoifungua redio yangu kutafuta msemaji amekaa wapi, na msemaji yule hajarudi hadi leo. Basi nisikilize. Risasi ikienda kulia, kosa ni la kidole kinachovuta vibaya, au ni upepo. Na ukiona ule msalaba wa ndani ya darubini umelala kidogo, si msalaba uliolala, ni kichwa chako. Nyoosha shingo. Hata mimi nilikuwa nauona umelala.

Usiguse skrubu za zile pete zinazoshika darubini. Nilizikaza kwa mkono wangu mwaka ule nilipoanguka, na kazi ya fundi haifunguliwi bila idhini yake.

Usihuzunike sana. Hata mimi mia sita ilinishinda mwishoni. Jicho lilizeeka, ndiyo maana bunduki ukapewa wewe.

Mjomba wako

27 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na pole na mafundi wako. Sisi hatujambo, isipokuwa mama amechoka kusikia habari za vifundo mezani.

Nimefuata maneno yako yote. Kuhusu kidole, nilimpa kocha bunduki apige yeye, naye akaenda kulia. Nikampa mwenzangu anayetumia mkono wa kushoto, akaenda kulia. Kuhusu upepo, nilisubiri bendera za uwanjani zilale kabisa, bado kulia. Shingo nimeinyoosha mpaka mama ameuliza kama nimelala vibaya.

Ndipo nikajiuliza, Bwana Timazi mwenyewe angefanya nini? Nikabandika karatasi ndefu mita mia moja. Nikafunga nati nzito kwenye uzi, nikauning'iniza, nikachora mstari wima juu ya karatasi. Bunduki nikaisimamisha kwenye miguu yake na kuipima kwa pimamaji. Kisha nikalenga alama moja tu, ya chini, bila kuihama, na baada ya kila risasi nikaongeza milio kwenye kifundo cha juu. Matundu yalitakiwa yapande juu ya mstari. Mjomba, yalipanda kama ngazi iliyoegemezwa ukutani! Tundu la juu kabisa lilikuwa nje ya mstari vidole viwili, upande wa kulia.

Kwa hiyo si upepo wala si kidole. Darubini yenyewe imefungwa ikiwa imelala. Nikiiambia ipandishe risasi, inaipandisha na kuisogeza kulia, na kadiri ninavyozungusha ndivyo inavyozidi kwenda kando.

Naomba idhini nifungue skrubu. Na nina swali moja zaidi. Jicho lako lilipoanza kuzeeka, risasi zilikuwa zinakwenda upande gani?

Mpwa wako,
Kidole

15 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Siku kumi na sita, kimya. Mama amepiga simu, mkaza mjomba amesema unakula vizuri na unafokea mafundi kama kawaida. Basi mkono unafanya kazi, ni kalamu tu iliyougua.

Kama nimekukosea adabu, nisamehe. Nilitaka kujua, sikutaka kukuumbua. Kocha amekuja na bisibisi mara mbili, mara zote mbili nimemzuia. Nimemwambia aliyezikaza yuko hai na ana jina. Zimebaki siku tano, na bila idhini yako nitaingia uwanjani na darubini hii ilivyo, nikibahatisha.

Bado nakupenda, hata ukinuna.

Mpwa wako,
Kidole

17 Machi

Kwako mpwa wangu,

Marahaba, na salamu kwa mama yako. Namkabidhi dereva wa basi barua hii pamoja na kifurushi, ili vifike kesho.

Kulia. Zilikuwa zinakwenda kulia, shubiri nzima.

Niliposoma swali lako nilikaa chini kwenye mfuko wa saruji, mafundi wakadhani nimepata msiba. Mwaka ule nilipoanguka jukwaani, shingo ilipinda wiki sita, kichwa kikalalia bega la kulia. Darubini mpya ikafika wiki hizohizo, na mimi subira sina. Nikaifunga kwa macho. Mimi, Kidole! Mimi niliyebomoa kuta za watu kwa kosa hilohilo! Nikauona msalaba umesimama wima, kumbe tumelala wote wawili. Shingo ikapona, darubini ikabaki na ugonjwa wangu.

Baadaye nilipoona msalaba umelala, nikasema shingo haijapona sawasawa. Risasi zilipokwenda kulia, nikasema ni jicho. Daktari wa macho alinipima mara mbili, akasema jicho ni zima, nami nikatoka nikisema daktari gani huyu hajui kazi. Nikawaaga wenzangu wa shabaha. Nikatoa bunduki. Miaka minne nimejiita mzee kwa sababu ya skrubu nne. Mganga hajigangi, na nyani haoni, malizia mwenyewe.

Sikununa. Niliona aibu, kisha nikaona furaha, kisha nikaona aibu ya kufurahi, nikashindwa nianze kuandika ipi.

Fungua. Kwenye kifurushi mna timazi yangu ya kazini, si nati kwenye uzi. Ining'inize hatua ishirini mbele yako, ipime bunduki kwa pimamaji kama ulivyofanya, kisha uzungushe darubini ndani ya pete zake mpaka mstari wima wa msalaba ulingane na kamba. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu, usimalize moja ndipo uende nyingine. Halafu anza upya mita mia moja.

Mjomba wako, Bwana Timazi (jina hili sasa nimelistahili, kwa kulikosea)

21 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo! Nimo! Wa sita kati ya sita, kwa pointi moja, na aliyebaki nje hanisalimii.

Tuliifunga darubini upya usiku wa kuamkia juzi, mama ameshika kamba isicheze. Jana mita mia sita nikazungusha milio arobaini na sita, nikavuta pumzi, nikapiga. Risasi ikapanda, ikapanda tu. Nilipoliona tundu nililia, na kocha akajifanya anaangalia bendera.

Sasa nisikie. Bunduki hii ulinipa ukidhani umekwisha, na hukuwa umekwisha. Ukiitaka, ni yako. Nasema hivi nikiwa nimeikumbatia kwa mikono yote miwili, lakini nasema kweli. Unaitaka?

Mpwa wako,
Kidole

9 Aprili

Kwako mpwa wangu, wa sita kati ya sita,

Marahaba, na hongera. Mkaza mjomba wako amewatangazia majirani, na kwa sauti ile taarifa imefika mbali.

Bunduki usirudishe. Imenyookea mikononi mwako, ibaki huko.

Mimi jana nilikwenda uwanjani kwetu wa zamani. Mlinzi wa silaha alinitazama kama aliyeona mtu aliyezikwa. Nikamwomba anikodishe bunduki ya klabu, na kabla sijailalia nikaipima darubini yake kwa timazi. Akacheka. Nikamwambia acheke, mimi nina sababu zangu.

Nikalala mita mia sita, risasi kumi. Tulipokwenda kuangalia shabaha nilitembea nyuma ya mlinzi. Saba zilikuwa ndani. Tatu nje, moja juu, moja chini, na moja kushoto.

Kushoto, mpwa wangu! Miaka minne sijawahi kukosa kushoto! Nimekosa kwa kosa langu mwenyewe, kama mtu yeyote mwenye bunduki nzima. Mlinzi alinipa pole, nami nikamkumbatia.

Jumamosi nakwenda tena.

Mjomba wako