Jumapili ya Tatu Sikuliandika Jina Lako

Mpendwa mchumba,

Najua sina haki tena na neno hilo. Nimejaribu "dada", nikajaribu "rafiki", nikayafuta yote mawili. Hukuwahi kuwa dada yangu, na rafiki hafanyi nilichokufanyia mimi. Jina lako sitaliweka hapa. Ukisoma utajijua, na wengine wasipokujua ni salama zaidi. Naipeleka barua hii gazetini kwa sababu sina anwani yako. Gazeti hufika mbali, na likishasomwa hufungiwa maandazi, nawe ulikuwa na tabia ya kusoma karatasi ya maandazi mpaka mstari wa mwisho kabla ya kuitupa.

Nilipoanza kazi ya ukarani pale usharikani, wewe ulikuwa unashona sare za shule Sakina, kwenye kile kibanda kinachotazama barabara ya Nairobi. Ulipopewa kazi ya majoho ya kwaya ulikuja ofisini kuomba orodha ya waimbaji. Nikakupa niliyoipiga taipu vizuri, majina yakifuatana kwa alfabeti. Ukacheka sana. "Karani, mimi nakata kitambaa. Nipangie watu kwa unene." Tangu siku hiyo hukuniita tena kwa jina langu. Nikawa Karani tu, hata mbele ya mama yako.

Ndoa yetu ilipoanza kutangazwa kanisani, Jumapili tatu kama ilivyo desturi, mimi ndiye niliyeiandika. Kila Jumamosi nilipiga taipu karatasi ya matangazo, na kesho yake mzee wa kanisa aliisoma kama ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Jumapili ile ya kwanza, yule mama mnene wa sauti ya kwanza alinidaka mlangoni. "Shemeji, zimebaki mbili! Wewe unatuandikia watu wote, usije ukajisahau mwenyewe!" Kwaya nzima ikacheka. Wewe ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Wiki hiyohiyo, kwenye mafundisho ya ndoa, mchungaji akatushauri tukapime virusi. Hakutulazimisha. Mimi ndiye niliyeogopa, wewe ukanivuta mkono. "Twende bwana. Tukimaliza utaninunulia chai." Tukatoa damu, tukaambiwa majibu baada ya siku saba. Katikati ikapita Jumapili ya pili, majina yetu yakasomwa, na sikusikia neno lolote baada ya hapo mpaka baraka.

Siku ya majibu uliingia wa kwanza. Nilipotoka mimi, ulikuwa umekaa kwenye benchi la nje, mkoba magotini.

"Mimi ninavyo hivyo virusi," ukasema. "Wewe?"

Nikakupa karatasi yangu. Ukaisoma, ukairudisha, na uso wako ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Ulifurahi kwa ajili yangu. Hilo nimelielewa miaka mingi baadaye. Wakati ule nilikuuliza, "Wamesema umebakiza miaka mingapi?"

Ukaniangalia. "Karani, hata ile chai hujaninunulia."

Sikukununulia. Nilikuwa nahesabu. Miaka ile dawa zilikuwa za kusikia tu, za nchi za watu, na nesi alikuwa amekuambia ule vizuri na usijitie mawazo, basi. Mimi nilikuwa nimeandika misiba mingi ya vijana, "baada ya kuugua kwa muda mrefu", na nikajiona najua huo muda mrefu ni muda gani. Tukapanda kuelekea Sekei kwa shangazi yako, nami njiani, kimoyomoyo, nikakupa miaka miwili. Mitatu kama Mungu akipenda. Nisamehe. Nilikugawia maisha kama mtu anayepanga ratiba.

Penye njia panda ukasimama. "Mimi sikulazimishi. Ukitaka tuendelee, sawa. Usipotaka, nitakuelewa. Naenda nyumbani kwa mama, nitakuwa kule. Ila uje uniambie wewe, kwa mdomo wako. Usinitumie mtu."

Nikasema nitakuja.

Jumamosi niliketi mbele ya taipureta. Sikuwa nimeamua kitu. Nakuapia, sikuamua. Niliandika ndoa za watu wengine, nikafika mahali petu, mikono ikasimama. Nikajiambia naahirisha wiki moja tu, nipate kufikiri. Nikasukuma karatasi mbele, nikaandika habari za darasa la kipaimara.

Kesho yake ulikuwa umesimama na kwaya, safu ya pili, katika joho ulilolishona mwenyewe. Mzee wa kanisa akasoma, "Kwa mara ya tatu na ya mwisho," yakafuata majina ya watu wengine. Halafu akasoma habari za kipaimara. Nilikuona ukigeuza kichwa kidogo, kunitafuta. Nilikuwa nyuma ya mlango wa ofisi, uliobaki wazi kwa upana wa vidole viwili. Kisha kwaya ikaitwa kuimba, nawe ukaimba, sauti ya pili yote, mpaka mwisho. Ukavua joho, ukalikunja, ukampa yule mama mnene. Ukatoka.

Sikutuma mtu. Nilituma karatasi.

Mchungaji aliponiuliza, nilisema tumeahirisha. Siri yako sikuitoa, na kwa muda mrefu hicho ndicho kitu pekee nilichojisifia.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Unamkumbuka Baba Eliya, fundi mwashi, yule wa besi? Mwaka juzi walimpandisha kwao mlimani amebebwa kwenye blanketi. Familia ilishachagua mahali pa kumzika kwenye migomba. Mimi, kwa kuwa napenda kazi isinishtukize, nilishaandika tangazo lake, nikaacha nafasi ya tarehe. Kisha dawa za kurefusha maisha zikafika kliniki, bure, na mkewe akampeleka. Miezi michache tu, nikasikia mtu anagonga mabati juu ya ofisi yangu. Ni yeye, yuko juu ya paa.

"Karani!" akaniita. "Lile tangazo langu lichane. Na ulete chai huku juu!"

Anameza asubuhi na jioni, taarifa ya habari ikianza redioni. Wenzake wameng'oa kahawa kwa sababu ya bei, wanalima nyanya. Yeye kapanda miche mipya ya kahawa. Nikamwambia hiyo itachukua miaka mpaka ichumwe. Akasema, "Kwani mimi naenda wapi?" Halafu akaacha kucheka. "Yule binti yetu wa sauti ya pili yuko wapi?"

"Sijui."

"Hujui, au hujauliza?"

Jumamosi iliyofuata nikapanda kwenu, miaka sita baada ya kuahidi. Mama alikuwa anawakatia ng'ombe majani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaweka mundu chini. Hakunikaribisha ndani na sikutegemea.

"Alikaa hapa siku nne," akasema. "Namwambia njoo ule, ananiambia ngoja mama, Karani atakuja tule wote. Jumapili akashuka kanisani. Alivyorudi akafunga nguo zake."

Aliniambia ulipanda basi la Mwanza. Salamu zilikuja miaka miwili, kisha zikakatika. Hajui ulipo. Nilimweleza habari ya dawa, maneno yakanitoka ovyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na huko aliko, zipo?"

"Zipo, mama," nikasema. Sikuwa na hakika. Sina hakika hata kama kuna huko uliko.

Ndivyo nilivyo sasa. Nimepima mara nne tangu tuachane, ingawa sina mtu. Kila mara naambiwa sina, na kila mara nabaki nimekaa kwenye lile benchi mpaka wanafagia. Miaka niliyokupa ilishapita zamani. Kama swali langu pale kwenye benchi lilikufanya nawe uihesabu, kama umekaa mahali unangoja iishe, nakuomba uache. Ilikuwa hesabu ya mtu mwoga. Nenda kliniki iliyo karibu nawe, waangalie damu yako, wao ndio watakaosema uanze lini. Usije kwangu. Usinijibu. Ukipata nguvu, mpelekee mama salamu, naye anitukane akipenda, nitajua.

Uliniambia nije mwenyewe, na tazama, nimetuma karatasi tena. Nilikuja mwenyewe safari hii. Nilifika mpaka kwenye majani ya ng'ombe wa mama yako, na mbele ya hapo sikuoneshwa njia. Ukiikuta karatasi hii, isome mpaka mstari wa mwisho kama ulivyozoea, uinywee chai ambayo sikukununulia.

Ni mimi,
mchumba wako wa Jumapili mbili.