Maziwa ya Tairi

Nyumba ya bluu, nyuma ya soko,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu na za mkaza mjomba wako. U hali gani huko? Kile kikohozi ulichokilalamikia kimekuachia? Na lile dirisha la chumbani kwako lisilofunga, mwenye nyumba amelitengeneza au bado anakuahidi kesho? Sisi huku ni wazima. Goti langu la kushoto hulia kama mlango mkongwe kila nikipanda ngazi, lakini linanifikisha. Mkaza mjomba wako presha yake imeshuka, ila sauti imepanda.

Nakuandikia barua, si ujumbe wa simu, kwa sababu neno moja katika ujumbe wako wa simu lilitutia aibu kubwa. Safari hii nataka maneno yapate nafasi ya kutosha.

Unajua binti yangu, dada yako Mkunga, bado anatumia baiskeli ya mlimani uliyomwachia ulipohama. Kila siku ya kazi huipanda hadi juu ya kilima kuwapima wajawazito wasioweza kuteremka zahanati. Njia ni nzuri, isipokuwa ile nusu ya juu, ambako mbigiri zimetambaa kila mahali. Kama umesahau, mbigiri ni kile kijibegu kigumu chenye miba pande zote. Kitupe utakavyo, lazima mwiba mmoja utazame juu. Wanafunzi wangu nilikuwa nawaambia kwamba ile ni jiometri yenye roho mbaya.

Kwa miaka miwili fundi wake nilikuwa mimi. Jioni natoa tyubu, naijaza upepo, naizamisha kwenye beseni la maji na kutazama viputo vinatokea wapi. Naifuta, naikwangua kwa msasa, napaka gundi, kisha nasubiri. Hapo ndipo watu wengi hukosea, Chiriku: gundi ikiwa bado mbichi, kiraka hakishiki. Mpaka ikauke kidogo, ukiigusa isikufuate kidole. Tyubu ya nyuma ilifikisha viraka ishirini na sita, nikawa sasa nabandika kiraka juu ya kiraka kama nguo ya mganga.

Na simu ikilia saa za kazi, nilikwisha kujua ni maneno mawili: "Baba, pancha." Basi nabeba pampu na tyubu ya akiba, nachechemea kumfuata hadi nusu ya kilima, naye ananishukia akiisukuma.

Mwezi wa tatu msimamizi wa zahanati alimwita. Akina mama walikuwa wamemngoja sana, na mara mbili waliondoka bila kupimwa. Akamwambia wazi kwamba akiendelea kuchelewa atahamishiwa mapokezi, na kilima kitabaki bila mkunga hadi atakapopatikana mwingine. Kule juu kabisa alikuwapo mama mmoja mwenye presha, aliyekwisha kupoteza mimba mbili. Kumkosa huyo hata wiki moja kulikuwa hatari. Dada yako hakulia, ila siku zile alikuwa anakula amesimama. Nawe unamjua, akila amesimama ujue moyo haujakaa.

Ndipo kikaja kifurushi chako chenye utepe wa rimu na vali mbili, na ujumbe wako nyuma yake. Ninao hapa, naunakili: "Mjomba, achana na tyubu. Bandika utepe, funga vali, mimina maziwa nusu kikombe kila tairi, jaza upepo kwa kompresa. Maziwa sikutuma, yangemwagika njiani. Mtayapata hukohuko."

Mtayapata hukohuko! Maziwa yatakosekana wapi, mwanangu?

Mkaza mjomba wako aliuliza swali moja tu: "Mabichi au yaliyochemshwa?" Nami, niliyefundisha sayansi kwa miaka thelathini na minne, nikamjibu bila kupepesa jicho kwamba ni mabichi, maana hayo ndiyo yanayoganda vizuri. Nikamweleza kwa kirefu jinsi mwiba utakavyotoboa, upepo utakavyoyasukuma maziwa kwenye tundu, na jinsi mtindi utakavyoziba. Akanitazama. "Na sukari je, tairi linatumia vijiko vingapi?"

Fundi wa pale kona, tunayemwita Bwana Kiraka, alikuja na kompresa yake huku akinung'unika. "Mwalimu, tairi bila tyubu ni suruali bila mshipi. Siku ya kukuvuka haikupi taarifa." Lakini alipofungulia upepo, kingo za tairi zilikaa kwenye rimu, pa! pa!, na tairi likawa gumu kama jiwe. Nikajiona nimemaliza chuo upya.

Siku tatu zilipita salama. Siku ya nne paka wa mtaa mzima walianza kulala chini ya baiskeli. Siku ya tano, nje ya mlango wa yule mama wa juu, mbigiri ilipenya tairi la nyuma na mtindi ukafyatuka kama bomba lililopasuka, ukamwogesha dada yako sare yote. Aliingia anachuruzika. Yule mama akashika tumbo lake kwa kicheko. "Mkunga, wa kutoa maziwa hapa si mimi?"

Dada yako anasimulia sasa akicheka. Siku ile alirudi anasukuma baiskeli kwa miguu, akina mama wanne hawakupimwa, na msimamizi akampa muda wa mwisho wa kujirekebisha, hadi katikati ya Juni.

Nilipokupigia simu ulisema, "Mjomba! Ya ng'ombe?" kisha ukacheka mpaka salio langu likaisha. Nilikusamehe wiki iliyofuata.

Maziwa yenyewe niliyakuta mtaa wa pili kutoka hapa, kwa muuza vipuri vya pikipiki. Akanitolea chupa ya uji mweupe mzito. "Sisi tunaita maziwa tu, mzee. Kwani wewe ulidhani nini?" Nikamjibu kwamba nilidhani vivyo hivyo. Niliposoma maandishi ya chupa nikaona kwamba ni utomvu wa mpira uliochanganywa na chembechembe ndogo. Tairi likitobolewa, upepo unaukimbiza kwenye tundu, nao unakauka papo hapo. Kwa hiyo nadharia yangu ilikuwa sahihi, Chiriku. Kilichokosewa ni mnyama.

Tuliyaosha matairi kwa sabuni mara tatu, tukabadilisha utepe uliokuwa umelowa, na Bwana Kiraka akajaza upepo tena. Safari hii alinusa kwanza.

Sasa sikiliza. Alhamisi iliyopita, adhuhuri, habari zilifika zahanati kwamba mama wa juu ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake. Gari la wagonjwa lilikuwa mbali, na lingezunguka kwa njia ndefu. Dada yako alifunga mkoba wake mgongoni, akaondoka kwa baiskeli. Mkaza mjomba wako aliyeniletea habari hizo alifagia ua mara mbili. Mimi nilikaa kwenye kigoda, nikijua kwamba pancha ya siku hiyo haina fundi, kwa sababu kilima chote kile goti langu lisingekiweza.

Saa tisa simu ililia. Kabla sijaipokea nilikuwa nimekwisha kubeba pampu na tyubu ya akiba.

"Baba," akasema. Nikawa mlangoni.

"Ni msichana."

"Msichana gani?" nikauliza, maana sikio langu lilikuwa linangoja neno jingine.

"Wa mama wa juu, Baba! Wazima wote wawili."

Nikakaa pale pale kizingitini na pampu yangu mapajani. Mkaza mjomba wako aliponiona hivyo alitupa ufagio, akidhani ni msiba. Nikamwonesha kwa vidole, mmoja, wawili, wazima.

Jioni dada yako alirudi. Nikaligeuza gurudumu la nyuma na kuhesabu mbigiri tisa, kila moja na kitone cheupe shingoni. Nikafuata koleo ili nizing'oe, mazoea hayo, akanizuia: "Ziache, Baba. Ndizo kizibo." Kisha akaketi, akala ameketi.

Msimamizi amemwachia kilima chake. Na Bwana Kiraka ameandika kwa chaki kwenye kibao chake: MAZIWA YA TAIRI YAPO. SI YA CHAI.

Nisalimie mkeo, na umbusu kichwani yule mdogo anayejifunza kutembea. Dada yako anasema asante na kwamba anakudai sare. Mkaza mjomba wako anauliza kama unakula. Mungu akutunze, na tundu la kila mwiba utakaokuchoma lizibike kabla hujapungukiwa pumzi.

Mimi huenda kulala mapema siku hizi. Hupita kwanza pale baiskeli ilipoegemea, nikainama na kutega sikio kwenye tairi nisikie upepo unaovuja, kama nilivyofanya kwa miaka miwili. Halisemi kitu.

Wako akupendaye, mwenye vidole visivyonuka gundi tena,

Mjomba wako.